Fundi wa Foklifti na Mlingoti Ulioshuka

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anyanyuaye asichoke na ashushaye asikosee, aliyenipa umri wa kuwafahamu watu wengi na pumzi ya kumsimulia mmoja. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Mungu peke yake ndiye ajuaye yaliyofungwa ndani ya vyuma na ndani ya vifua. Nikipatia katika haya ninayoyaandika, ni kwa fadhila zake. Nikikosea, ni upungufu wangu, naye ni mwingi wa kusamehe.

Nataka kumweleza mtu mmoja ambaye sote pale Kilosa tulimwita Fundi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa yu hai na hakuniomba nimwandike. Wala sitasema alizaliwa wapi, au babu yake alikuja kwetu kufanya nini. Mji wetu umejaa watu ambao wazee wao waliletwa na reli na mkonge, na tukianza kuulizana asili jua litatuchwea. Mimi nilikuwa mtunza ghala, na jioni nilisomesha watoto Kurani nyumbani kwangu Mabwerebwere. Yeye alikuwa mtu wa kanisani, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa. Aliniita Shehe, ingawa mimi si shehe, na hakuwahi kunipita asubuhi bila kuniamkia.

Jambo lililomtesa ni moja, na nalisema mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta. Siku moja mlingoti wa foklifti aliyoitengeneza kwa mikono yake ulishuka na mzigo, ukamuua mtu. Fundi alitaka kujua kama kosa ni lake. Hakutaka faraja, hakutaka msamaha, alitaka kujua tu. Mengine yote aliyonayo mwanadamu, ndoa, kanisa, usingizi, aliyaweka kando mpaka ajue.

Ghala letu lilikuwa la marobota ya mkonge, mazito, yaliyofungwa kwa waya. Foklifti iliyoyapanga ilikuwa ya zamani kuliko vibarua wengi waliofanya nayo kazi, nao waliiita Bibi. Kwa asiyeijua, foklifti ina mlingoti wa chuma mbele yake, na kwenye mlingoti kuna uma mbili zinazobeba mzigo. Kinachozipandisha ni oili inayosukumwa na pampu kuingia kwenye silinda. Ndani ya silinda kuna mipira myembamba inayoitwa sili, inayozuia oili isirudi ilikotoka. Mzigo wote ulio juu, Fundi alikuwa akisema, umekalia mpira usiozidi unene wa kidole.

Kwanza niseme juu ya masikio yake, maana ndiyo yaliyompa jina. Mlingoti ukigoma kunyanyua, mafundi wengi hukimbilia spana. Yeye aliagiza kimya. Vibarua waache kuongea, redio izimwe, hata mimi niache kusoma nyiradi zangu kwa sauti. Kisha dereva awashe, avute leva, na Fundi ainamishe kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto akimnong'oneza. Pampu ikilia kama mbu, alisema inavuta hewa, tafuta mpira wa kupitishia oili uliolegea au tangi lililopungua. Ikinguruma kwa taabu, oili inasukumwa ila haina pa kupita. Ikiwa kimya huku uma hazipandi, hapo alikunja uso, kwa sababu kimya kilimtia wasiwasi kuliko kelele.

Baada ya kusikiliza alikuwa na taratibu zake, na hakuruka hata moja. Uma zishushwe mpaka sakafuni kabla ya kupima oili. Siku moja dereva alipima zikiwa juu, akaliona tangi tupu, akajaza mpaka mdomoni. Zilipokuja kushuka, oili yote iliyokuwa ndani ya silinda ilirudi tangini, ikafurika na kumwagikia suruali yake mpya.

"Hongera," Fundi akamwambia. "Mwenzio hupakwa mafuta siku ya kubatizwa. Wewe umepakwa siku ya kazi."

"Sasa mimi ningejuaje, Fundi?"

"Ungeuliza. Mdomo si unao? Wa kula chapati unafanya kazi vizuri tu."

Baada ya oili alijaribu leva nyingine, ile ya kuinamisha mlingoti mbele na nyuma. Kama unainama kwa nguvu lakini kunyanyua ni dhaifu, alisema, pampu mwache, hana hatia. Njia ya kunyanyulia peke yake ndiyo yenye ugonjwa. Kama vyote viwili ni dhaifu, rudi kwenye pampu, chujio na oili. Mwisho aliweka mzigo juu, akachora mstari wa chaki kwenye mlingoti, na akaketi kuutazama. Mzigo ukishuka wenyewe bila leva kuguswa, oili inapita mahali, ama kwenye valvu, kile kilango cha kuifungulia na kuifungia oili, ama kwenye sili. Aliweza kukaa mbele ya mstari ule wa chaki muda mrefu kama mtu aliye kwenye itikafu. Nilimwambia hivyo, akaniuliza itikafu ni nini. Nilipomweleza kuwa ni kukaa msikitini kwa ibada, mtu akimngoja Mola wake, alisema, "Basi sisi sote wawili tunangoja, Shehe. Ila mimi nangoja kitu kibaya."

Na hakuingia chini ya uma bila kuweka taruma. Alikuwa na vipande viwili vya mataruma ya mbao ya reli ya zamani, vizito, vyeusi kwa oili, alivyovisimamisha chini ya mlingoti kabla ya kupitisha hata mkono. Vibarua walimcheka. "Fundi anaogopa Bibi!" Yeye hakuona haya. "Namwogopa," alijibu. "Wangu wa nyumbani naye namwogopa, ndiyo maana nimedumu naye."

Mkewe alipenda kusimulia kwamba hata kitandani mume wake alikuwa akiusukuma ukuta kwanza kabla ya kuuegemea. Mama huyo alikuwa mpole na mwenye maneno machache, akiuza maandazi karibu na stesheni. Sikupata kumwona akilalamika.

Lakini Fundi alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Huyu aliyekataa kubahatisha, aliyemfukuza mwanagenzi kwa kusema "nafikiri ni pampu," kila mwisho wa wiki alibeti mpira. Tena hakutazama msimamo wa ligi, alitazama uso wa kocha. "Huyu hajalala vizuri, atafungwa," alisema, na mara nyingi aliyefungwa alikuwa ni yeye. Aliyesikia hewa ndani ya mpira wa pampu hakusikia kifua chake mwenyewe kikikohoa kila kiangazi, na mkewe alipomtaka aende hospitali alisema kikohozi kikitaka kwenda kitaenda chenyewe. Aliwatukana vibarua bila huruma, akawanunulia uji. Aliimba besi kwaya ya kanisani na hakujua mashairi ya wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Wenzake walipofika ubeti wa tatu, yeye aliendelea na sauti tu.

Sasa nieleze desturi moja ya ghala letu, maana kila kitu kimefungwa humo. Kwa miaka mingi kabla Fundi hajaitengeneza vizuri, Bibi alikuwa na nguvu asubuhi, na mchana alichoka. Fundi alikuja kutueleza sababu: pampu imelika, na oili ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji na kuponyoka kwenye mianya. Lakini vibarua hawakuwa wamengoja sababu. Mchana, robota lilipokwama chini kidogo ya mstari wa tatu wa marobota yaliyopangwa, waliingia chini yake, wakatia mabega, na mwimbishaji akatoa wimbo. Pumzi moja, robota likapanda kile kipande ambacho pampu ilishindwa. Mwimbishaji alikuwa mtu wa Lumuma, baba wa watoto, mwenye sauti iliyofika stesheni. Alitunga nyimbo papo hapo, juu ya tajiri, juu ya mimi na tasbihi yangu, juu ya Bibi na magoti yake mabovu. Kazi ile ilikuwa ngumu mno, na nyimbo zake ndizo zilizowavusha.

Tajiri wa ghala alipokubali, Fundi alimfungua Bibi kabisa. Aliweka pampu nyingine, akabadilisha sili za silinda. Nilimwona akizivalisha, ameketi juu ya gunia, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayeandika. Alizipaka oili kwa kidole na kuzisukuma taratibu, kwa sababu mdomo wa sili ukijikunja wakati wa kuingia, utakaa hivyo bila kuonekana mpaka siku utakapokataa. Alipomaliza, aliweka mzigo na kuchora mstari wake wa chaki. Haukushuka. Bibi alinyanyua asubuhi, akanyanyua mchana, akafika mstari wa tatu bila kusaidiwa. Tulimshukuru Mungu siku ile, na tajiri alichinja mbuzi.

Lakini vibarua waliendelea kuingia chini. Robota lilipopanda, waliingia wakaweka mikono na mabega, wakaimba, ingawa hapakuwa na kitu cha kusukuma. Fundi alipoona hivyo alipandwa na hasira.

"Nyie mna wazimu? Nimemtengeneza! Tokeni huko!"

Mwimbishaji alitoka akiwa anajifuta jasho, akamjibu kwa upole. "Fundi, tumemsaidia miaka yote akiwa mgonjwa. Leo amepona ndiyo tumkimbie?"

Wenzake walipasuka kwa kicheko. Fundi naye akacheka. Akawakataza tena, akatuagiza mimi na msimamizi tuwakataze, nasi tukawakataza. Walikubali mbele yetu. Siku ambazo Fundi hakuwepo, wimbo ulikuwa ukianza tena pale pale.

Siku ya ajali Fundi alikuwa Dumila, ameitwa kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nilikuwa kwenye chumba changu mlangoni, nimetoka kuswali adhuhuri. Sikusikia mshindo. Nilisikia wimbo ukikatika. Nilipofika ndani, uma zilikuwa chini na marobota mawili juu yake, na watu walikuwa wakivuta waya kwa mikono mitupu. Dereva alisimama na mikono juu ya kichwa akirudia kwamba leva ilikuwa katikati, hakuigusa, leva ilikuwa katikati. Mwimbishaji hakufika hospitali. Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea.

Fundi alirudi jioni hiyo hiyo. Alitazama mipira ya presha, ilikuwa mizima, haikupasuka. Alitazama leva, ilirudi katikati yenyewe. Alitazama sakafu, lakini watu walikuwa wameshamwaga mchanga juu ya kila kitu kwa sababu ya damu, na oili kama ilikuwepo haikujulikana tena. "Basi ni mawili," alisema. "Ama uchafu umekwama kwenye valvu ukaiacha wazi, ama sili imepinduka." Uchafu kwenye valvu ni jambo la chombo kizee, lisilo na mwenyewe. Sili ni yeye. Aliomba afungue hapo hapo. Tajiri alimwambia angoje wakaguzi, naye akaona ni haki, tena maiti ilikuwa bado haijazikwa.

Tukaenda Lumuma kuzika. Mimi niliongoza swala. Yeye alisimama nyuma ya safu pamoja na watu wa kanisani, na udongo ulipoanza kutiwa alichukua jembe akautia mpaka watu wakamnyang'anya. Tulikaa matangani kama desturi inavyotaka. Tuliporudi Kilosa, wakaguzi walikuwa wamekuja, wamepima, wameandika kuwa ni ajali kazini, wameondoka. Na Bibi hakuwepo. Vibarua walikuwa wamekataa kuingia ghalani akiwemo, na tajiri, ambaye naye alikuwa hapati usingizi, alimwuzia mtu wa kwanza aliyekuja na lori. Hakuuliza hata wanampeleka wapi. Sakafuni palibaki doa lililofunikwa mchanga na vile vipande viwili vya taruma.

Fundi alisimama pale pale. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Shehe, wameondoka naye tukiwa tunakula ubwabwa wa msiba?"

"Ndiyo, Fundi."

"Nilikuwa nakula," alisema.

Tangu hapo nilimwona akipungua, nami sikujua la kufanya. Aliacha kwaya. Mchungaji wake alikwenda nyumbani akamkuta amekaa uani na sili mpya mkononi, anaikunja na kuikunjua. Mchungaji, mtu mwema, alikuja kwangu akasema labda mimi atanisikia. Nilikwenda. Nilimwambia yale tunayoambiwa na tunayoyaamini: kwamba ajali ina siku yake na mtu ana siku yake, na siku ya mwimbishaji ilikuwa imefika.

"Nakubali, Shehe," alinijibu. "Siku yake ilifika. Lakini ilipitia mlango gani? Valvu au sili?"

Nilimwambia mlango haubadilishi kitu.

"Kwake haubadilishi. Kwangu mimi nimekaa mlangoni."

Akanieleza kinachomnyima usingizi. Sili zilikuwa mbili. Ya kwanza anakumbuka alivyoipaka oili, anakumbuka hata nzi aliyetua juu yake akamfukuza. Ya pili hakumbuki. Anakumbuka ilikuwa ngumu kidogo kuingia, na anakumbuka mtu alimwita akaitika. Baada ya hapo anakumbuka silinda iliyokwisha kufungwa. "Nimelitafuta hilo la katikati," alisema. "Nimelitafuta kila mahali humu kichwani. Halipo."

Nimesoma kidogo, na Mungu amenipa subira ambayo watu huisifu. Siku ile subira yangu ilikuwa kama kikombe kitupu nilichompelekea mtu mwenye kiu. Nilikaa naye, kisha nikarudi nyumbani.

Kila msimu wa kulima alikwenda Lumuma, akamlimia mjane. Nilifuatana naye mara moja. Mjane alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alituletea maji, akasimama na kata mkononi.

"Fundi, mimi sijakuita kulima."

"Najua, mama."

"Watu wanasema unakuja kwa sababu umemuua."

"Sijui, mama. Natafuta kujua."

"Na ukishajua, atarudi?"

"Hatarudi."

"Basi unatafuta cha nini?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kumngoja mgeni aondoke. "Mimi usiku watoto wananiambia, mama imba kama baba. Siwezi kuimba. Hilo ndilo langu. La chuma ni lako, usiniletee hapa."

Fundi aliinama akaendelea na tuta. Alilimaliza. Mwaka uliofuata alikwenda tena, na mjane hakutoka nje.

Alimtafuta Bibi kwa wauza vyuma chakavu wa Morogoro, akamtafuta Dumila kwenye yadi za wanunuzi wa mazao, akiuliza madereva wa malori kama wamewahi kuona foklifti yenye kovu la kuchomelea kwenye mguu wa kushoto wa mlingoti. Watu walimwona kama mtu anayetafuta mke aliyetoroka. Akasikia kwamba Mikumi, kando ya barabara kuu, kuna mfanyabiashara wa saruji na mabati mwenye foklifti kuukuu. Alipakia spana zake akaenda. Mkewe alidhani anakwenda kwa siku chache. Hakurudi. Alipata kazi kwenye gereji ya malori huko huko, akituma salamu nyumbani kupitia makondakta wa mabasi.

Mwaka jana binti yangu anayeishi Mikumi alijifungua, na Mungu akanijaalia kwenda kumwona mjukuu. Kabla sijaondoka, mke wa Fundi alikuja na maandazi yaliyofungwa kwenye karatasi. "Mpelekee," alisema. "Mwambie nyumba ipo." 

Sikupata taabu kumpata. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya yadi ile ya saruji, mwembamba, mvi zimemfunika. Aliinuka aliponiona.

"Shikamoo, Shehe."

"Marahaba, Fundi. Hujambo?"

"Sijambo kidogo." Alikohoa, akapokea maandazi, akayashika bila kuyafungua. Kisha akanyoosha kidole. "Yule pale."

Nikamwona Bibi. Wamempaka rangi ya njano, lakini kovu la mguu wa kushoto lilikuwa lile lile. Alikuwa amenyanyua saruji mpaka juu, dereva ameshuka kunywa chai, na mzigo umeachwa pale hewani.

Fundi alinieleza. Alipomkuta, alimwomba mwenye yadi ruhusa ya kumfungua bure. Mwenye yadi alimwambia hakuna haja, alipomnunua tu alimpa fundi wa hapo akabadilisha sili. Fundi alimtafuta huyo mwenzake, akampata. Akamwuliza kama aligusa valvu. Hakuigusa. Pampu? Hakuigusa. Mipira? Ni ile ile. Sili peke yake.

"Nikamwuliza, zile za zamani zilikuwaje? Mdomo ulikuwa umejikunja? Akaniambia, 'Mzee, zilikuwa sili tu. Nikatupa.'"

Barabarani malori yalikuwa yakipita kwenda Iringa, na vumbi likatufikia.

"Sasa mtazame," alisema. "Kila siku nakuja. Valvu ni ile ile, oili wala hawajawahi kuichuja. Kama ni valvu, angeshuka hata mara moja. Hashuki, Shehe. Wamebadilisha kitu kimoja, cha kwangu, na hashuki."

Nilimtazama Bibi. Saruji ilikuwa imetulia kule juu kama imewekwa juu ya jiwe. Namwomba Mungu anisamehe, lakini pale nilipokuwa nimesimama nilitamani ishuke. Hapakuwa na mtu chini. Nilitamani ishuke kidogo tu, mbele ya macho yetu sote wawili.

"Labda ni uchafu uliokwama siku ile," nikasema, "kisha ukapita ukaenda zake. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia uchafu hufanya hivyo."

"Hufanya," alikubali. "Labda. Nimeshika labda hiyo kwa mkono mmoja, na huu mwingine nimeshika yule pale. Unaona upi mzito?"

Nilitaka kumwambia kwamba hata kama ni mkono wake, hakukusudia, na asiyekusudia ana hukumu nyingine mbele ya Mungu. Nilimwambia. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mungu wako anajua ni kipi?"

"Anajua."

"Muulize basi. Wewe anakusikia."

Nimemuuliza Mola wangu katika swala nyingi, naye ni Mwenye hekima katika kunyamaza kwake.

Dereva alirudi, akamshusha Bibi taratibu, wakaendelea na kazi. Nilimwomba Fundi turudi Kilosa pamoja. Alitikisa kichwa. Akasema akiondoka, siku Bibi atakayoshuka yeye hatakuwepo kuona.

"Nimwambie nini mkeo?"

"Mwambie nimempata."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Shehe."

Niliporudi nilipita stesheni kabla ya kufika nyumbani. Mkewe alikuwa akipanga maandazi kwenye beseni. Aliniamkia, nikaitika, nikamwambia kwamba mumewe amempata Bibi. Aliacha kupanga. Macho yake yalinyanyuka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule niliona uso wake ukifunguka.

"Amempata!" alisema. "Kwa hiyo amejua. Sasa anarudi lini?"

Nilisimama mbele yake na fimbo yangu. Treni ya mizigo ilikuwa ikiingia, nikajifanya naingoja ipite ndipo nijibu. Ilipita yote, behewa kwa behewa, kukawa kimya, naye alikuwa bado ananitazama.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuepushe na swali lisilo na wa kulijibu. Mikono yako ikikosea bila wewe kujua, akufunike kwa sitara yake, na ikipatia, akupe kuamini kwamba imepatia. Awe nawe pale usingizi unapokukimbia, amsitiri kila anayekungoja nyumbani, na akurudishe kwake ungali hai. Amina.